Siku Niliyolimwagia Maji Jiwe la Bibi

Mlima ambao tulikuwa tukienda kujisaidia nyuma yake siku hizi una njia ya wageni. Mnisamehe kuanza na jambo hilo, lakini wenzangu mliokulia Kiseke kabla ya haya manyumba mnajua sisemi uongo. Choo cha shimo hakichimbiki juu ya mwamba, kwa hiyo kila mtu alikuwa na jiwe lake. Sasa wamepaka mishale ya rangi nyeupe, wamejenga ngazi za saruji palipokuwa panateleza, wameweka na benchi, na kwenye kila jiwe kubwa wamesimamisha kibao chenye maelezo. Jiwe langu nalo lina kibao. Nilikisoma chote huku nimebana midomo.

Aliyenipeleka ni mjukuu wangu Kabula. Alisema ninakaa ndani mno, miguu itasahau kazi yake. Kijana anayeongoza wageni akaniamkia shikamoo, akanishika mkono kwenye ngazi kama mtu aliyebeba yai, mimi niliyekuwa nikipanda pale na debe kichwani, mikono nimeiachia. Lakini alikuwa na adabu na alijua kazi yake. Alitueleza kwamba jiwe hili zamani lilikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, likapoa polepole, kisha mvua ikaondoa udongo wa juu kidogo kidogo mpaka mgongo wa jiwe ukatokeza. Akasema hata ziwa ni mgeni. Ziwa limelikuta jiwe. Nikamuuliza, miaka mingapi? Akachukua kijiti akaandika mchangani, na sufuri zikaendelea mpaka zikafika kwenye kiatu changu. Mimi niliishia darasa la tatu, hesabu ya namna hiyo sikufikishwa, lakini nilisogeza mguu zipite.

Basi tukiwa pale ikanyesha mvua ya kupita, ile ya matone makubwa ambayo haimalizi hata dakika tano, na mwamba ulikuwa umeshinda juani. Ile harufu ikapanda. Kuna watu wanasema jiwe halina harufu. Hao hawakuzaliwa Mwanza. Jiwe la moto likipata maji linanuka kama chuma, na kama baruti kidogo, na ndani yake kuna kitu kama nywele zilizoungua. Nilisimama. Tulikuwa tumefika kwenye jiwe moja refu lililopasuka katikati, nusu imesimama na nusu imeegemea, na yule kijana alikuwa anasema ufa huu umefanywa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka. Kabula akaniuliza, Bibi, umechoka? Nikasema ni goti.

Haikuwa goti. Ule ufa niliufanya mimi, asubuhi moja, kwa debe la maji ambalo hata halikujaa.

Sikumwambia yule kijana. Angenijibu kwa adabu, na adabu ya vijana kwa wazee wakati mwingine inaumiza kuliko matusi. Nawaandikia ninyi.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya mlima huo, upande unaotazama ziwa. Baba yangu alikuwa mponda kokoto. Mama alikuwa anaondoka mapema na mdogo wangu mgongoni kwenda kuanika dagaa ufukweni, anarudi jioni ananuka dagaa mpaka paka wa majirani wanamsindikiza. Aliyenilea mchana ni bibi, mama yake baba. Bibi alizaliwa pale pale mlimani, akaolewa Kisesa, na mume alipofariki akarudi na mwanawe, yaani baba, kwenye mlima wa kwao. Alikuta nyumba ya wazazi wake haipo. Kaburi la mama yake lilikuwa limeshalimwa, watu wamepanda pamba juu, na wala si kwa ubaya, hakuna aliyekuwa anakumbuka. Kilichobaki ni jiwe.

Niwaeleze lile jiwe lilivyokuwa zima. Lilikuwa refu kama ng'ombe wawili waliofuatana, kimo chake kifuani kwa mtu mzima, na juu lilikuwa bapa. Hapo juu kulikuwa na vishimo vitatu, vimelainika kama ndani ya bakuli. Mama yake bibi alisagia humo uwele na mtama, na kabla yake mama yake, na sijui nani kabla yake. Mvua ikinyesha vilishika maji na ndege walikuja kunywa, na mijusi, wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ambao Kabula siku hizi anawapiga picha kwa simu. Zamani sisi tuliwapiga mawe, Mungu atusamehe. Ukingoni palikuwa na mahali ukigonga kwa kijiwe cha mkononi, jiwe zima linalia. Sauti ilikuwa ndefu, inatoka, inakwenda, unafikiri imekwisha, kumbe bado ipo.

Bibi alikuwa analigonga kila kukiwa na habari. Mdogo wangu alipozaliwa aligonga. Baba aliporudi salama kutoka safari ya Geita aligonga. Nikamuuliza anamgongea nani. Bibi hakusema Kiswahili, haya nayatafsiri mimi.

"Namjulisha mama," akasema. "Mama yangu yumo humu. Weka sikio."

Nikaweka sikio. Ilikuwa jioni. Ninyi mnajua jiwe letu jioni linavyokuwa, limenywa jua mchana kutwa na sasa linalirudisha. Lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe. Na ndani, mbali, nikasikia: ta. Kimya. Ta, ta. Leo yule kijana angenieleza kwamba jiwe linapopoa linajikunja. Siku ile nilisikia mtu anatembea. Na kwa kuwa bibi hakuwa mtu wa kusema uongo, nilijua basi kwamba mama yake bibi anaishi ndani ya jiwe, kama wengine wanavyoishi Nyamanoro au Magu. Sikuogopa. Nilikuwa nikienda jioni kulala kifudifudi juu yake na kumweleza mambo yangu, nani kanipiga, nani kanyimwa uji. Mara nyingine alijibu, ta.

Sasa kazi ya baba. Watoto wa leo wanaona kokoto imemwagwa barabarani wanadhani inaota. Jiwe la Mwanza hupigi nyundo tu likakubali. Unalichoma kwanza. Unapanga magogo juu yake, na mavi makavu ya ng'ombe, na tairi bovu kama umebahatika, unawasha, na moto unakaa saa nyingi. Jiwe linaiva. Likiiva linavua ganda, bamba pana lenye unene wa kiganja linaachana na lenzake, na hapo ndipo nyundo inapata kazi. Baba aliweza kusikia jiwe limeiva akiwa amekaa mbali anakula. Na sheria ya kwanza ya wachoma mawe ilikuwa hii, maji yakae mbali. Jiwe la moto ukilimwagia maji kabla ya wakati halivui ganda. Linapasuka linapotaka lenyewe, linakwenda mpaka chini, na kazi yako yote imepotea.

Mwaka huo mawe ya karibu yalikuwa yamekwisha. Yale baba aliyoyaweza alikuwa ameshayala, na yale ya juu zaidi hayakufikika na mzigo. Kulikuwa na watu wanajenga, wanataka mawe ya msingi, na sisi tulikuwa tunakula mlo mmoja. Nilisikia baba anazungumza na bibi kuhusu lile jiwe, si mara moja. Alimwambia kwa upole, mama, jiwe halina masikio. Bibi alimjibu kwamba hata yeye baba alipokuwa tumboni hakuwa na masikio na bado alikuwa anasemeshwa. Basi yanaishia hapo. Baba hakuwa mtu wa kumjibu mama yake mara mbili.

Kisha ukaja msiba Kisesa, upande wa wakwe zake bibi. Akafunga kitenge chake, akaondoka kwa miguu, akasema atalala siku mbili.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na harufu ya moshi wa tairi. Nikatoka. Baba alikuwa mlimani, na moto ulikuwa juu ya jiwe la bibi.

Sina la kumtetea baba na sina la kumshitaki. Nimezaa watoto saba, najua mlo mmoja unavyomfanya mtu. Nawaambia tu nilivyomwona. Alikuwa anapanga magogo bila kuyatazama.

Nikamwambia, "Baba, na aliyemo?"

"Nani?"

"Mama yake bibi. Yumo ndani."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Kama yumo," akasema, "akiona moto atatoka."

Yeye alitania. Mimi nilishukuru. Nilifikiri, kumbe baba amefikiria, kumbe kuna mpango. Akaniambia anashuka Ilemela kumwita mwenzake wa kushika nyundo, mimi nikae nilinde moto, nifukuze mbuzi, nisukumie kuni zinazodondoka, na maji yasikaribie. "Hata mate usiteme," akasema. Akaenda.

Nikakaa nikisubiri atoke.

Sijawahi kusubiri hivyo tena, hata hospitalini. Nilijiweka upande wa vishimo, maana nilidhani mlango uko huko. Nilijiandaa na salamu. Nilijiuliza kama atakuwa na nguo, na nikamkunjulia kitenge changu tayari. Jua likapanda. Moto ukaacha ndimi ukawa makaa mekundu, jiwe likabadilika rangi pembeni, likawa jeusi, kisha kijivu cha majivu. Hakutoka.

Halafu jiwe likaanza kulia. Zile ta, ta nilizozizoea zikaanza kuja upesi, nyingi, halafu zikaja nzito, ndu, kutoka chini kabisa, halafu mlio mwembamba mrefu kama wa mtoto aliyechoka kulia. Nikaelewa. Ni mzee. Ni mzee kuliko bibi, na bibi mwenyewe kuinuka tu kitini anamwita Mungu mara tatu. Ameona moto, anataka kutoka, hawezi.

Nikakimbia chini nyumbani. Kulikuwa na debe la maji ya kupikia, niliyachota mwenyewe jana yake, kama nusu. Nikajitwisha. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka nimesimama juu ya jiwe dogo la jirani, uso unaniungua, nikiwa na kata mkononi, nikamwaga ya kwanza kwenye kishimo cha kati. Ikaruka kama mafuta. Nikasema, "Pole, bibi." Nikamwaga ya pili. Kisha nikainua debe lote.

Mlio ule sikuusikia kwa masikio. Uliingia kwa nyayo, ukapanda magotini, ukafika kifuani, na ndipo masikio yakapata habari. Nilijikuta nimekaa chini na debe limebingirika. Mbuzi walikuwa wametawanyika. Pimbi, wale wanaopiga kelele kwenye mawe yote ya Mwanza siku nzima, walinyamaza wote pamoja. Na mvuke mweupe ulikuwa umesimama juu ya jiwe, mrefu kuliko baba, kuliko nyumba. Asubuhi kwetu upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, wavuvi wanaujua. Mvuke ukasimama hivyo kwa muda, kisha ukaanza kwenda. Ulishuka mteremko bila haraka, umenyooka, ukapita juu ya mawe na vichaka, ukielekea ziwani, mpaka nikawa siuoni.

Nikasogea. Jiwe lilikuwa limefunguka kutoka juu mpaka ardhini, nafasi ya mkono kupita. Nikachungulia.

Jamani. Nimeona mambo, nimeona meli kubwa ikishushwa majini, nimeona ndege ikitua usiku na taa zake, nimeona mwezi ukimeza jua. Sijaona kitu kama kile. Nje jiwe letu mnalijua, kijivu, limekwaruzwa, lina madoa ya kuvu. Ndani lilikuwa na rangi ya pera lililoiva, na nyeupe, na nyeusi ya kung'aa, chembe chembe, na jua lilipoingia kwenye ule ufa zote zikawaka kwa pamoja kama magamba ya samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Lilikuwa safi. Hakuna mguu, hakuna vumbi, hakuna mvua iliyowahi kufika pale. Nilikuwa mtu wa kwanza kuiona sehemu ile, na jua lenyewe lilikuwa linaiona kwa mara ya kwanza pamoja nami. Nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi na sikuwa na maneno, lakini nilishika mdomo kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Na hakukuwa na mtu. Kulikuwa na joto tu, na ile harufu.

Baba alirudi na mwenzake, mzee mmoja mfupi aliyezoea kazi. Yule mzee alizunguka jiwe, akaweka kiganja kwenye nusu iliyoegemea, akaisukuma kidogo, ikatoa sauti ya kusaga. Akachukua nyundo yake.

"Mwenzangu, mimi hapa chini siingizi mgongo wangu," akasema. "Hili si jiwe tena, ni mtego wa panya, na panya ni sisi." Akashuka.

Baba akaniuliza kama nilimwaga maji. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema alishindwa kutoka. Nilingoja kofi, na nilistahili, maana kwa maji yale nilimwaga pia chakula cha mwezi mzima. Baba alinitazama muda mrefu, akakaa, akaegemeza paji la uso kwenye mpini wa nyundo. Baadaye katika maisha yake alikuwa akiwaambia watu kwamba jiwe lile lilikuwa na mshipa, lingepasuka tu. Huenda ni kweli. Siku ile hakusema mshipa. Alisema taratibu, kama anajisemea, "Sasa nitamwambia nini mama?"

Na mimi nikapata hofu ambayo sikuwa nayo. Maana niliona kwamba bibi ataniuliza mama yake yuko wapi, na mimi ndiye niliyekuwepo, na sikumuuliza anakwenda kwa nani. Nilikuwa nimemwokoa nikampoteza. Usiku ule na mchana uliofuata nilishuka mara nyingi kuelekea ziwani nikiuliza watu kama wamemwona bibi kizee, na watu wakaniuliza wa nani, na sikuweza kumweleza, maana sura yake sikuiona.

Bibi alirudi siku ya pili jua likielekea kushuka. Masizi kwenye jiwe yanaonekana kutoka mbali. Aliyaona tangu njia panda, maana alisimama pale na mzigo kichwani, akasimama sana, kisha akapanda moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Sisi tulikuwa tumesimama huko juu. Mama alikuwa amebaki chini na mtoto, hakutaka kuona.

Bibi alitua mzigo. Akagusa vishimo. Ufa ulikuwa umepita kwenye kile cha kati, nusu huku, nusu huko. Akaokota kijiwe chake akagonga pale ukingoni. Jiwe likasema to, kama mtu anayegonga gogo. Akagonga tena. To. Akakiweka kijiwe chini polepole.

"Mama," baba akasema, "ni mimi. Ni kosa langu."

Bibi hakumgeukia. Sikuweza kuvumilia tena, nikapita mbele ya baba.

"Bibi, hakuungua," nikasema. "Ametoka. Nilimmwagia maji akatoka."

Sasa ndipo akatazama chini, kwangu. Nilitegemea aseme ninyamaze. Baba alinyoosha mkono kunivuta nyuma. Bibi akamzuia kwa kiganja.

"Ulimwona, mayu?" Mayu kwa lugha yetu ni mama, ndivyo alivyoniita.

"Nilimwona."

"Alielekea wapi?"

Nikaonyesha ziwa.

"Alikuwa anakwenda vizuri? Hakuanguka kwenye mawe?"

"Hakuanguka. Alipita juu tu."

Bibi akafikiri. Aliuliza lile lililofuata kwa sauti ya chini, na hakuuliza kama mtu mzima anavyomchezea mtoto. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Mgongo wake je? Alikuwa ameinama?"

"Hapana, bibi. Alikuwa amenyooka. Mrefu kuliko baba."

Akageuka akatazama ziwa, na jua lilikuwa limelala juu ya maji lote.

"Mimi mama yangu," akasema, "nilimjua akiwa amepiga magoti hapa juu tu, akisaga. Kusimama wima sikumwona hata siku moja."

Kisha akanishika bega, akaniomba nimwonyeshe tena alipopita, jiwe kwa jiwe, nisiruke hata moja.